Usangu: Mpunga, Ng'ombe na Maji ya Kiangazi

Ifikapo Septemba, wageni wanaoingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa njia ya Iringa huukuta Mto Ruaha Mkuu ukiwa mchanga mtupu, wenye madimbwi ya hapa na pale ambamo viboko wamebanana migongo nje. Swali linalofuata sisi wa Mbarali, wilaya ya Mkoa wa Mbeya iliyo kwenye tambarare ya Usangu ambako mto huo hupita kabla ya kufika hifadhini, tumelizoea: ni nani aliyeyamaliza maji? Mkulima atamtaja mfugaji, mfugaji atamtaja mkulima, na wa mjini atasema ni ukame. Nimezaliwa katika nyumba yenye majaruba ya mpunga upande wa Igurusi, kwa hiyo msomaji ana haki ya kunishuku kwamba nitawatetea wakulima. Namwomba tu asome hadi mwisho kabla ya kuamua.

Kwanza hali ya nchi yenyewe. Mito inayolisha Usangu, yaani Ruaha Mkuu, Kimani, Chimala, Mbarali na Ndembera, huanzia milima ya kusini na mashariki ambako mvua ya mwaka katika baadhi ya maeneo hufikia milimita 1,600, kisha hushuka kwenye tambarare iliyo kimo cha takriban mita 1,000 hivi, ambayo hupata chini ya nusu ya mvua hiyo na kupoteza kwa mvuke maji mengi kuliko yanayonyesha. Maji hayo yakikusanyika hufanya ardhi oevu ya Ihefu, ambayo ni kama bakuli lenye mdomo mmoja, na mdomo huo ni kizingiti cha mwamba kilichopo Ng'iriama. Kina cha maji ya Ihefu kikiwa juu ya mwamba, mto unaendelea na safari yake kuelekea hifadhini, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na hatimaye Mto Rufiji. Kikishuka chini ya mwamba hata kwa kiasi cha kiganja, mto hukatika, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna eneo kubwa la maji. Mtu asipokielewa kizingiti hiki hawezi kuelewa kwa nini maji machache sana ya kiangazi yana uzito kuliko mafuriko yote ya Machi.

Mto ulikauka kwa mara ya kwanza katika kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kumekuwa jambo la karibu kila mwaka. Kabla yake tambarare ilikuwa imebadilika polepole kwa nusu karne. Wasangu walikuwa wafugaji na wakulima wa kiasi. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kililetwa na Wabaluchi waliohamia eneo la Rujewa, kikaigwa na majirani, kisha barabara ya Zambia na reli ya TAZARA zikafungua soko ambalo hakuna aliyelitarajia. Serikali nayo ikaingia kwa mashamba makubwa: Mbarali miaka ya 1970, halafu Kapunga, baadaye Madibira, kila moja likiwa na takriban hekta 3,000 au zaidi kidogo. Wakinga, Wanyakyusa, Wahehe na Wabena walikuja kulima. Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig walikuja na mifugo. Eneo la mpunga ambalo mwaka 1970 lilikuwa hekta 10,000 hivi limevuka hekta 40,000 katika miaka ya mvua nzuri. Mchele unaoitwa wa Mbeya katika masoko ya Dar es Salaam, na ambao wauzaji hupenda kuubatiza kuwa wa Kyela ili upande bei, kwa sehemu kubwa unatoka huku.

Ukubwa wa eneo, hata hivyo, si kiini cha tatizo, kwa sababu mpunga hulimwa masika ambapo maji ni mengi kupita uwezo wa mtu kuyatumia. Kiini kiko kwenye banio, yaani kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie kwenye mfereji. Zamani mkulima aliziba sehemu ya mto kwa magogo, mawe, majani na udongo, na kizuizi hicho kilivuja mchana na usiku. Mafuriko yakija kilibebwa, na mwaka uliofuata watu walikutana tena kukijenga. Wataalamu na wafadhili walikiona kizuizi hicho kuwa cha kizamani, na kuanzia miaka ya 1980 mabanio mengi yakajengwa upya kwa zege na milango ya chuma, kwa nia njema kabisa ya kuongeza ufanisi wa umwagiliaji. Kilichotokea ni kwamba banio la zege lina uwezo wa kuugeuza mto mzima uingie kwenye mfereji wakati wa kiangazi, wakati lile la magogo halikuweza hilo hata mwenyewe angetaka. Uvujaji uliohesabiwa kuwa hasara ndio uliokuwa fungu la Ihefu. Ninaona ajabu kwamba jambo hili, ambalo watafiti wa umwagiliaji wamelieleza mara nyingi, halitajwi kabisa katika hotuba za kuokoa mto, ilhali kila mzee aliyewahi kubeba mawe ya banio analifahamu.

Wala si kwamba maji hayo ya kiangazi yanaotesha chakula kingi. Sehemu yake hutanda kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, sehemu hupotea njiani kwenye mifereji mirefu ya udongo, na sehemu huenda kwenye vitalu vya miche vinavyoanzishwa Oktoba na Novemba, wakati mto uko chini kabisa, kwa sababu anayevuna mapema huuza mchele kabla soko halijafurika. Bei hiyo ya mapema ndiyo sheria yenye nguvu kuliko kibali chochote cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Ninaifahamu kwa sababu karo ya shule ya watoto wengi wa kwetu imetoka humo, na hakuna kikao cha jumuiya ya watumiaji maji kilichoweza kumshawishi mtu mwenye kitalu kilichoota aache kikauke.

Athari zimeturudia mashambani. Wakulima wa mwisho wa mfereji, ambao kwa miaka mingi waliishi kwa maji yaliyosalia ya wenzao wa juu, hupandikiza wakiwa wamechelewa na mara nyingine mvua hukatika mpunga ukiwa unachanua. Mashamba yamesogea kuelekea kingo za Ihefu, mahali palipokuwa na majani ya malisho ya kiangazi, hivyo mkulima na mfugaji wanakutana kwenye kipande kimoja ambacho zamani walikitumia kwa zamu bila kulazimika kuonana. Samaki wa kitoweo, kambale na perege, wamepungua kadiri maji ya kudumu yalivyopungua.

Zipo pia lawama tusizostahili. Wakati wa migao ya umeme ya miaka ya 1990 ilisemwa kwamba Usangu ndiyo iliyozima taa za nchi kwa kukausha bwawa la Mtera. Bwawa hilo hujazwa kwa maji ya masika, tena pamoja na ya mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Mtiririko wa kiangazi, hata katika miaka ya neema, ni mdogo mno kulijaza au kulikausha. Kukauka kwa mto hifadhini ni msiba wa wanyama na wa vijiji vya kandokando, na haukuhitaji kuongezewa lawama ya umeme ili usikilizwe.

Wafugaji walilipa zaidi. Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mwaka 2001 kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 mifugo iliondolewa Usangu kwa operesheni na mingi kusukumwa hadi mikoa ya Pwani na Lindi, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu, lenye Ihefu ndani yake, likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, uamuzi uliowaacha wanavijiji wa Mbarali katika mgogoro wa mpaka kwa miaka mingi. Ng'ombe waliondoka, 2010 ikafika, na mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kikosi kazi kwa ajili ya mto uleule. Sisemi kwamba makundi makubwa ya ng'ombe hayakuharibu kingo za Ihefu, yaliharibu. Ninasema kwamba ng'ombe hanywi kiasi kinachopita kwenye mfereji mmoja wa zege, na aliyepiga hesabu hizo mbili asingeanza na ng'ombe.

Kuna pendekezo la miaka mingi la kujenga bwawa kwenye Mto Ndembera ili liachie maji kiangazi. Huenda likafaa, lakini mimi ningeanza na jambo dogo zaidi. Ukiwaambia watu wafunge mabanio kuanzia Julai hadi Novemba, jibu la kwanza utakalopewa na akina mama wa vijiji vya chini ni kwamba mfereji ndio kisima chao: wanachota humo maji ya kunywa, wanafulia humo, mbuzi wananyweshwa humo. Mto mzima unageuzwa kwa kilomita kadhaa ili mwishoni zipatikane ndoo za kijiji kimoja. Kisima kirefu chenye pampu katika kila kijiji kinachotegemea mfereji kingeondoa sababu hiyo, na hapo ndipo mlango wa banio ungeweza kufungwa bila polisi, akabaki kuzungumziwa mwenye kitalu cha Oktoba peke yake. Bajeti ya visima hivyo ndiyo ningependa kuiona ikijadiliwa na madiwani wetu kabla ya operesheni nyingine yoyote.