Kuchambua Picha za Harusi kwa IrfanView

Kazi ya mpiga picha wa harusi haiishii ukumbini. Wageni wakishatawanyika, hubaki kadi za kumbukumbu zilizosheheni picha, nyingi zikiwa zinafanana, na ni lazima mtu akae azitazame moja baada ya nyingine mpaka zipatikane zile zinazostahili kuingia kwenye albamu. Kazi hiyo mimi huifanya kwa IrfanView, programu ndogo ya Windows iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Jajce nchini Bosnia aliyesomea Vienna. Wenzangu wengi huanza moja kwa moja na programu kubwa za kuhariri, nami naona kwamba katika hatua hii wanajichosha bure.

Wepesi wa programu hii huonekana tangu kuipakua, kwa kuwa ni ya megabaiti chache tu na haimalizi bando la mtu, lakini faida yake kubwa iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tuchukue picha ya kamera ya megapikseli 24, yenye pikseli 6000 kwa 4000. Ikiwa imehifadhiwa kama JPEG, aina ya faili inayoibana picha ili ichukue nafasi ndogo, inaweza kuwa na megabaiti 10 hivi, ila ikishafunguliwa kila pikseli huhitaji baiti 3 za rangi, na hivyo picha hiyo moja hushika takriban megabaiti 72. Programu ya kuhariri huongeza juu ya mzigo huo katalogi yake, historia ya mabadiliko na zana ambazo wakati huo hakuna anayezihitaji, na kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 4 huanza kukwama. Programu ya kutazama hufungua picha, huionyesha, kisha huenda kwenye inayofuata.

Kasi hiyo ina maana kuliko mtu anavyoweza kudhani. Chukua picha ya pamoja ya ukoo wa bibi harusi, watu ishirini wamesimama kwa safu, nawe umebonyeza mara tano mfululizo kwa sababu unajua kuna atakayefumba macho. Ukibonyeza kitufe cha nafasi unakwenda mbele, ukibonyeza kile cha Backspace unarudi nyuma, na picha zinapopishana papo hapo kwenye skrini nzima, kile kilichobadilika huonekana chenyewe: shangazi aliyegeuka kumtazama mtoto, mjomba aliyefumba macho, mkono uliopita mbele ya uso wa mtu. Picha ya pili ikichelewa hata kwa sekunde mbili, jicho linakuwa limeshasahau ya kwanza, na unabaki unakisia. Mteja hatajua ulikisia, lakini shangazi mtu akiiona albamu atajua.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuondoa tu, yaani picha zenye ukungu, zilizoungua kwa mwanga na zilizopigwa kwa bahati mbaya. Kitufe cha Delete kinatosha, mradi kwenye mipangilio umechagua faili ziende kwanza kwenye pipa la taka, na mradi nakala kamili ya kadi imeshawekwa kwenye diski nyingine. Mzunguko wa pili ndio wa kugawa. Kitufe cha F7 huhamisha faili na F8 huinakili, na vyote viwili hufungua kisanduku chenye orodha ya folda ulizozipanga mapema: upande wa bwana harusi, upande wa bibi harusi, ukumbini, albamu. Napendelea kunakili kuliko kuhamisha, kwa kuwa picha ya mama akimlisha mwanawe keki inahitajika kwenye folda ya familia na kwenye albamu pia.

Kuhusu picha zilizolala ubavu, tahadhari inahitajika. Herufi L na R huzigeuza upesi, lakini ukihifadhi baada ya hapo JPEG inabanwa upya na ubora hupungua kidogo. Njia salama ni kugeuza bila kupoteza ubora, kwa Shift na J, ambako vipande vya picha hupangwa upya bila kubanwa tena. Hilo linahitaji programu-jalizi za IrfanView, yaani nyongeza zake, ambazo hupakuliwa kando.

Mkiwa wapiga picha wawili, sawazisheni saa za kamera kabla ya sherehe. Ukibonyeza B utapata dirisha la kushughulikia faili nyingi kwa mkupuo, na humo unaweza kuzipa majina yanayotokana na tarehe na saa ya kupigwa iliyomo ndani ya faili zenyewe, ili picha za kamera zote mbili zijipange kwa mfuatano wa matukio. Saa zikitofautiana, keki itakatwa kabla ya maharusi kuingia ukumbini.

IrfanView ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya kibiashara. Sisi tunaolipwa kwa picha tunapaswa kuilipia na kuisajili, na ninawasihi wenzangu wafanye hivyo, kwa kuwa nasi hatufurahi picha zetu zinapotumiwa bila malipo. Wanaotumia mfumo wa Linux badala ya Windows wajaribu programu ya Geeqie, ambayo nayo ni nyepesi na huendeshwa vizuri kwa kibodi.