Taa za ziada za kutengeneza mwenyewe kwenye Hilux: shughuli yote iko kwenye waya

Njia ya Kibaya kuja Kibaigwa usiku siyo ya kupita na taa za kawaida za Hilux ya zamani, na hili nalisema kwa uzito kabisa maana msimu wa mahindi tunatoka shambani jua limeshazama, gunia zimejaa, vumbi limesimama, halafu mbele yako kuna mkokoteni wa punda hauna hata riflekta moja, kuna ng'ombe kalala njiani, kuna lori limekatika ekseli na dereva kaweka matawi barabarani ambayo unayaona ukiwa umeshayafikia. Gari ikiwa 60 tu inakula karibu mita 17 kila sekunde. Piga hesabu hapo, kabla mguu haujagusa breki umeshaenda wapi.

Kwa hiyo nimefunga taa mbili za ziada mbele kwenye ngao, za kutengeneza mwenyewe, na naandika hapa kwa sababu wengi wanaojaribu kitu hiki wanahangaika na globu wakati tatizo lao ni waya.

Vioo ni vile vya duara vya Land Rover, inchi 7, kwenye spea za mtumba havikosekani. Ukichagua angalia riflekta ya ndani, inatakiwa ing'ae, ikiwa imepauka au imeshika kutu achana nayo hata kama kioo ni kizima, hiyo haikupi mwanga hata uweke globu gani. Makopo ya nyuma kachonga fundi mabati, hawa hawa wanaochonga majiko na makarai, kwa bati la pipa la oili. Chini ya kila kopo tumetoboa katundu kadogo, maana taa ikiwaka ndani kunakuwa na joto na ukizima inapoa, unyevu unaganda kwenye kioo, sasa kama umeziba silikoni kila mahali hayo maji yatokee wapi? Globu ni H4 za kawaida, 60/55 (wati 60 ful, yaani mwanga wa mbali, na wati 55 dimu, mwanga wa karibu), ila nimeunga upande wa ful peke yake, ile wati 60.

Najua sasa hivi fasheni ni LED zile ndefu za juu ya kioo. Kwa njia ya vumbi mi sizitaki. Zile za bei rahisi mwanga wake ni mweupe unaelekea bluu na unamwagika kila upande, ukiwa nyuma ya lori unakuwa umejijengea ukuta mweupe mbele ya macho.

Haya, waya. Globu mbili za wati 60 ni wati 120, gawa kwa volti 12 unapata ampea 10. Ampea 10 siyo mchezo, ukizipitisha kwenye kawaya kembamba ka redio mpaka kwenye swichi ya dashibodi na kurudi mbele tena, njiani umeme unapungua na waya unapata moto. Na globu ya halojeni haisamehe, ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 mwanga unashuka karibu asilimia 30. Ndo maana unakuta mtu kafunga taa kubwa za maana halafu zinawaka njano kama kibatari, anaenda kununua globu za wati 100, anaharibu zaidi.

Dawa ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme kidogo ili yenyewe ipitishe umeme mkubwa. Mimi nimetoa waya wa milimita 4 toka betri, fyuzi ya ampea 15 iko pale pale karibu na betri (ikikaa mbali, waya ukichunika kabla ya kufika kwenye fyuzi hakuna kitu cha kuzuia moto), unaingia mguu namba 30 wa rilei, kwenye 87 zinatoka waya mbili za milimita 2.5 kila moja na taa yake. Athi (waya wa hasi) nimerudisha mpaka kwenye betri, sijategemea ngao maana ngao ina rangi na kutu. Miguu ya 85 na 86 ndo ya kuiamsha rilei, hiyo inakula umeme kidogo sana, waya mwembamba unatosha, na swichi ya ndani nimeiweka kwenye mstari huo.

Sasa hapa kwenye 85 na 86 ndo naomba mwenye Toyota ya zamani asome taratibu. Hizi Hilux za injini ya dizeli ya 3L na ndugu zake, umeme wa chanya unakaa kwenye globu muda wote taa zikiwa zimewashwa, mkono wa taa unachokata na kuunga ni hasi. Nimeona gari ambazo fundi kachukua waya wa ful akapeleka 86, halafu 85 akaibana kwenye bodi kama alivyozoea kwenye gari nyingine, matokeo yake taa za ziada zinawaka ukiwa kwenye dimu na zinazima ukipiga ful! Watu wanabadilisha rilei mpaka wanachoka na rilei haina kosa lolote. Mguu mmoja peleka kwenye ile chanya ya globu, mwingine kwenye waya wa ful, basi, zinawaka na ful na zinakufa na ful. Shika testa uhakikishe kwanza kabla hujakata waya wowote.

Mi naona zikufe na ful lazima. Bodaboda anayekuja mbele yako hana kioo wala paa, ukimchoma macho anaingia porini, na dereva akiwa na swichi peke yake kuna siku atasahau.

Kutega taa nako wengi wanatega gari ikiwa tupu. Pikapu ikibeba gunia springi za nyuma zinalala, pua inainuka, taa zinamulika juu ya miti. Pakia mzigo wako wa kawaida, angalia upepo wa matairi, simama sehemu tambarare kama mita 8 kutoka ukutani, pima kimo cha katikati ya taa toka chini, weka tepu ukutani kwenye kimo hicho hicho, kile kiini cha mwanga kikae chini kidogo ya tepu. Ya kushoto nimeielekeza nje kidogo ili niuone ukingo, watoto na mifugo wanatokea huko, ya kulia iko mbele moja kwa moja.

Nati funga zile za kujibana zenye plastiki ndani, makorongo yanalegeza kila kitu. Kwenye vioo nimeweka wavu mpana kidogo kwa ajili ya mawe, na nikiingia lami ya Kibaigwa nazima swichi na kuvifunika.