Fomu ya Kaku

Mpwa wangu kaanza udaktari mwaka huu. Juzi usiku kanipigia, "Anko, hivi hawa watu tunaowapasua darasani, walikubali wenyewe?" Mawazo yakanipeleka Kolkata, India, nilikokuwa nasoma, Januari 2010.

Jyoti Basu, mwanasiasa mkubwa wa wakomunisti wa huko, alikuwa kafariki tarehe 17, ana miaka 95. Sisi wanafunzi shida yetu ilikuwa usafiri tu, ila Kaku mwenye nyumba wetu, mkomunisti wa damu, alilia kama kafiwa na baba mzazi. Tarehe 19 asubuhi kanigongea mlango, vaa sweta twende.

Huyo Basu nilishalishwa sana pamoja na wali na samaki. Kasoma sheria London, karudi 1940, badala ya kutafuta hela mahakamani akaenda kukaa na wafanyakazi wa reli, mwisho akaongoza jimbo la West Bengal toka 1977 mpaka 2000. Kaku anakwambia alivyowaandikisha wakulima waliolima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, ili wasifukuzwe ovyo. Mkewe anadakia kutoka jikoni, na viwanda vilivyofungwa je? Na Kiingereza walichokifuta shule za msingi? Hapo Kaku anahamia 1996, Basu alipoombwa awe waziri mkuu wa India nzima, chama chake chenyewe kikagoma, mpaka Basu mwenyewe akasema ni kosa la kihistoria. Miaka yote hiyo Kaku bado ana hasira na kikao.

Basi tukasimama barabarani, watu kama siafu, bendera nyekundu kila kona, Kaku kavaa lile likofia la sufi linaloziba masikio, chai kwenye kikombe cha udongo inampoa mkononi wala hanywi. Gari lilipotokea akanyanyua ngumi, lal salaam, yaani salamu nyekundu ya wakomunisti, sauti ikakatika katikati. Mimi nikauliza kinyonge, wanaenda kumchoma wapi?

Akaniangalia. Hachomwi, anapelekwa hospitali ya SSKM, wanafunzi wa udaktari wakasomee, alishaandika toka 2003, na macho yameshatolewa.

Mwili ulinisisimka. Mzee wa watu, viongozi wa nchi wamekuja kumuaga, halafu akalazwe kwenye meza ya darasa! Na bado sijui kama ule ulikuwa ushujaa au ndo ubishi wao wa kikomunisti mpaka dakika ya mwisho, labda vyote.

Kaku akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kinailoni, ndani kuna fomu imekunjwa mpaka mikunjo imechakaa. Ya kwake. Jina kaandika, sahihi kaweka, pa shahidi wa kwenye familia peupe.

"Kwenu mnafanya hivi?"

Nikamwambia Kaku, kwetu kuna mashangazi, hiyo fomu wangeichana mwili haujapoa.

Akacheka huku anajifuta machozi. "Hata mimi ninaye, tumemwacha jikoni."