Mita ya zamani imeitika!

Jamani, leo nina furaha kweli. Mita yetu ya kupimia umeme, HP 34401A, imezungumza na kompyuta kupitia kebo ya GPIB, mfumo wa kuunganisha vifaa vya vipimo na kompyuta. Nimetuma *IDN?, amri ya kukiuliza kifaa kijitambulishe, kwenda anwani 22 ya mita, neno Rmt (yaani inaongozwa kutoka kwenye kompyuta) likawaka kwenye kioo chake, kisha likaja jibu: jina la kampuni, modeli, na toleo la programu iliyomo ndani. Nilipiga makofi peke yangu.

Hewlett-Packard (HP) ndio walioubuni mfumo huu wa GPIB, na mwaka 1975 ukawa kiwango rasmi cha kihandisi, IEEE 488. Vifaa hadi 15 vinashiriki kebo moja, plagi ya pini 24 ikipandwa juu ya nyingine, kila kifaa na anwani yake.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi vinavyosubiriana. Data hupita kwenye nyaya 8, baiti moja kwa wakati. Mtumaji hatoi baiti mpaka wasikilizaji wote wawe tayari, na haiondoi mpaka wote wakiri wameipokea. Kwa hiyo mwendo unaamuliwa na aliye mzito kuliko wote, lakini hakuna anayeachwa. Kwa kazi ya vipimo, mimi nachagua uhakika huo kuliko kasi.

Kesho naongeza jenereta ya mawimbi, 33120A, anwani 10. Kompyuta itabadilisha masafa, mita isome volti, na mkunjo wa filta (sakiti inayochuja masafa), yaani volti inazopitisha kwa kila masafa, ujichore bila mtu kushika kalamu. Mwenye kebo fupi ya ziada anitafute, bei tutaelewana.