Cheti cha asili

Ijumaa nilikaa na faili moja saa nzima bila kulimaliza. Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yetu haiko mbali na bandari, na faili lenyewe halikuwa na ugumu wowote. Mteja anapeleka sabuni Kigali, anataka cheti cha asili ili mzigo usitozwe ushuru kule. Mafuta ya mawese yametoka Malaysia, sabuni imepikwa hapahapa Dar. Je, sabuni hii ni ya wapi? Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa nyingi, malighafi za nje zisipozidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani, basi sabuni ni ya kwetu. Jaza fomu ya maombi, mteja mwingine. Hesabu hiyo nimeifanya miaka 17, naweza kuifanya huku natafuna karanga.

Ijumaa ikanishinda. Kalkuleta mkononi, nikajikuta nauliza: yai likitoka kwa mtu mwingine, mbegu ikatoka kwa mume wangu, mimi nikapika miezi tisa, mtoto ni wa wapi?

Nikafunga faili, nikaenda chooni kulia kidogo. Nikarudi, nikajaza fomu ya watu.

Nina miaka 43. Mwaka jana nilipima ile AMH, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya mayai imebaki kiasi gani, ikaja 0.4, ndogo mno. Daktari aliigeuza karatasi upande wangu kama mtu anayekuonyesha bili. Akanieleza taratibu, na ninamshukuru kwa hilo: mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, milioni moja au mbili, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na hakuna jingine linaloongezwa. Yanayobaki yanazeeka na mwenyewe. Yai linatakiwa libaki na kromosomu 23. La mwanamke wa umri wangu mara nyingi linakosea kugawanyika, linabaki na moja zaidi au moja pungufu, na hapo mimba haishiki, au inashika na kutoka. Wala si kwamba nilikalia baridi, wala si kwamba kuna mtu kaniloga, ingawa mama mkwe ana jina la mhusika kabisa.

Tukajaribu kwa mayai yangu kwanza: yakomazwe kwa sindano, yatolewe, yatungishwe maabara. Kiwanja cha Chanika kikaondoka. Kikoba nikakopa, nikasema ni ada ya chuo. Sindano za tumbo kila usiku saa tatu, na dawa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, isigande, isipate joto. Usiku wa sita transfoma ya mtaa ikalipuka. Nilisikia mlio, nikaona giza, nikawaza friji.

Jirani yetu anauza barafu za ukwaju na ubuyu, mtaa mzima tunamwita Mama Barafu. Nilimgongea saa nne usiku nikiwa na hotpoti. Akanipa barafu tano za ukwaju, zile za kwenye vifuko. Nikazipanga chini kabisa, nikakunja khanga juu yake mara mbili ili dawa isigusane na baridi moja kwa moja, nikalaza boksi la sindano. Alikuwa ananimulika kwa tochi ya simu. Akauliza, "Ni ya sukari?"

Nikasema ndiyo.

Neno moja tu. Tangu siku hiyo mimi ni mgonjwa wa kisukari mtaa mzima. Nikipita kwake ananipa chai kavu, bila sukari. Ananiletea unga wa mlonge kwenye chupa ya maji. Alinitafutia na mtu wa Mbagala aliyepona kwa majani ya mwarobaini, nikazungumza naye kwenye simu dakika kumi nzima, nikauliza na maswali.

Yakatolewa mayai matatu. Mawili yamekomaa, moja likatungishwa, likarudishwa ndani siku ya tatu. Siku ya 12 nilikuwa kwenye mwendokasi, nimesimama, kati ya Jangwani na Fire, nikahisi kitu cha moto kinashuka. Nilishuka Fire. Sina la kuongeza hapo.

Wiki mbili baadaye daktari akasema kwa mayai yangu, uwezekano wa kuondoka na mtoto ni chini ya 5 kwa 100 kila tukijaribu. Kwa mayai ya mwanamke ambaye hajafika 35 unaweza kupanda hadi 40 au 50 kwa 100. "Mfuko wako wa uzazi hauna neno," akasema, "kinachohesabika ni umri wa yai, si wa tumbo." Kitu hicho kilinishangaza. Miaka yote nilidhani tumbo ndilo limezeeka.

Nikiwa mkweli, mtu wa kwanza niliyemkasirikia alikuwa mume wangu. Mtoto huyo angekuwa wake bila swali. Pua ya kwao, miguu ya kwao, ule ukimya wa kwao. Usiku mmoja nikamwambia, "Wewe huna unachopoteza." Hakujibu. Akachukua ndoo, akatoka kuosha gari, saa tano usiku. Nilisikia maji yanamwagika muda mrefu kuliko gari lenyewe. Aliporudi suruali imelowa hadi magotini akasema, "Na wewe nilikuwa nataka nikuone ndani yake." Hilo tu. Ni mtu wa maneno machache, lakini yakitoka yanakaa.

Shoga yangu wa ofisini, Mwislamu wa Tanga, ndiye pekee kazini anayejua. Aliniambia waziwazi kwamba kwao halipiti, ni suala la nasaba, mtu wa tatu haingii kati ya mke na mume. Halafu akaniambia, maana huyu anasoma, kuwa Washia wa Iran wao wanaruhusu kwa masharti. Wakatoliki nao Vatikani ilishakataa upandikizaji wote tangu 1987, hata kwa mayai yako mwenyewe. Mimi ni Mlutheri. Mchungaji sijamwambia, kwa sababu anapenda kutufanya mifano kwenye mahubiri bila kutaja majina, na sote tunajuana.

Kliniki wakatuonyesha karatasi ya mchangiaji wa mayai. Picha hakuna. Urefu, uzito, maji ya kunde, damu O chanya, elimu kidato cha sita, mtoto mmoja mzima wa afya. Nimejaza fomu za namna hiyo maisha yangu yote: uzito, kifungashio, nchi ilikotoka. Nikaisoma juu hadi chini natafuta kitu, sikujua ni nini, mpaka tulipofika kwenye gari. Nilikuwa natafuta mwanya.

Marehemu mama alikuwa na mwanya. Si ule wa kutengenezwa, wa kuzaliwa, mpana, akicheka unauona kabla hujasikia sauti. Tulimzika mwaka 2014. Mimi sikuurithi, meno yangu yamebanana kama abiria wa daladala. Lakini siku zote niliamini umejificha ndani yangu na utatokea kwa mtoto. Kumbe hicho ndicho nilichokuwa nakililia chooni. Hayo mayai kama mayai sikuwahi kuyaona, nitayalilia vipi?

Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyeuchukua. Ana miaka 31, anaishi Dodoma, ana watoto wawili. Nilimsimulia habari ya ile karatasi tukicheka, kwa sababu sisi mambo mazito tunayapitishia kwenye kicheko. Kesho yake asubuhi ikaja sauti kwenye WhatsApp, sekunde 14, nyuma kuna kelele za watoto wanakunywa uji. "Dada, chukua yangu. Nimeshaongea na baba yao. Sasa usianze kulia maana nawahi kazini."

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema hapa.

Nikaanza kupiga hesabu upya. Mtoto huyo angemwita nani? Angemwita mama mdogo. Angekuwa mama yake mdogo hata kama yai lingekuwa langu. Wanawe mimi wananiita mama mkubwa tangu waanze kusema, na hakuna aliyewahi kuomba cheti. Na watoto wa mtu na mdogo wake wa kike si binamu, ni ndugu, basi. Shemeji aliuliza swali moja tu, "Na akifanana na wanangu?" Mke wake akamjibu, "Asipofanana nao ndiyo uje kuniuliza."

Kuna na hili lingine. Mayai ya mtoto wa kike yanaumbwa akiwa bado tumboni. Ikifika mwezi wa tano yameshakuwepo kwa mamilioni. Maana yake yai lililonileta mimi liliumbiwa tumboni mwa bibi, mama akiwa bado hajazaliwa. Na mayai ya mdogo wangu yaliumbiwa tumboni mwa mama, mwaka ambao nilikuwa na miaka 12. Tumbo hilo nalikumbuka. Mama ameketi mkekani uani, miguu ameinyoosha, anavunja udongo wa kula vipande vidogovidogo, anatafuna kama biskuti, ananiambia nisimwambie baba. Mimi nachota maji. Humo ndani mdogo wangu anaumbwa, na ndani ya mdogo wangu, hayo.

Lakini sitaki kujifanya kwamba limekwisha. Sindano zile zile atachomwa yeye, siku kama kumi, na mayai yanatolewa kwa sindano ndefu akiwa amelazwa usingizi. Wapo ambao dawa zinawazidi nguvu, tumbo linajaa maji, wanalazwa. Ana watoto wadogo. Akipata tatizo kwa ajili yangu, nitamtazama vipi shemeji? Na deni. Deni la kikoba najua linaisha Machi. Hili linalipwa kwa nini? Tukigombana, maana ndugu hugombana, na sisi tuligombania kabati la vyombo vya mama mwaka mzima, atalitoa hilo mdomoni? Nilimuuliza. Akasema, "Sijui, dada. Labda. Kabati nilikusema sana." Jibu hilo lilinituliza kuliko angeniapia.

Upande wa mume kuna aliyeshauri tufunge midomo. Tumbo litaonekana na watu wote, utajifungua hospitali mbele za watu, nani atajua? Ni kweli, hakuna siri rahisi kuificha kama hii. Muuguzi wa kliniki alituambia Uingereza waliliamua kisheria: mtoto wa mchangiaji aliyechangia tangu Aprili 2005, akifika miaka 18, ana haki ya kumjua aliyetoa yai au mbegu. Nikajaribu kujiona na mtoto wa miaka 18, nimekaa na jambo hili moyoni muda wote huo. Mimi ambaye nimeshindwa kumwambia Mama Barafu kwamba sina sukari. Miezi minane sasa nakunywa chai kavu.

Basi jana Jumamosi nikaenda. Nilimkuta anafunga vifuko vya ubuyu, vidole vyekundu. Nikamwambia zile sindano zilikuwa za kutafuta mtoto, hazikushika, sukari sina na sijawahi kuwa nayo. Hakunyanyua kichwa. Alimaliza kufunga kifuko alichokishika, akakiweka kwenye beseni, akaninyooshea mkono wenye ubuyu.

"Sasa ule mlonge wangu wote unaupeleka wapi?"

Nikamwambia anakula mume wangu. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanimiminia chai, akaweka sukari vijiko vitatu, ikanishinda.

Jioni nikaenda stesheni ya treni ya mwendokasi kumpokea mdogo wangu. Alikuja na yule mdogo wa miaka mitatu, kampakata, amelala, mate yanamtoka begani kwake. Jumatatu tunakwenda kliniki wote, yeye anapimwa damu, anaangaliwa mayai, anakaa na mshauri peke yake bila sisi. Kliniki wametaka hivyo, na nadhani ni sawa. Akitoka humo akasema hapana, nimemwambia nitampeleka Coco Beach tule mihogo na mambo yaishe.

Tumelala chumba kimoja, mtoto katikati. Mume wangu kakimbilia kwenye kochi. Saa nane usiku nimeamka, taa ya nje inaingia dirishani. Mdogo wangu analala mdomo wazi tangu utotoni, na mwanya ulikuwa pale pale. Mtoto naye kaachama vile vile. Wake ni wa meno ya maziwa, haujulikani kama utabaki.

Nikainuka kwenda jikoni kuangalia kama friji inawaka. Ndani mna maji, nyanya na bakuli la maharage. Nikasimama pale kidogo mlango ukiwa wazi, nikaisikiliza friji inavyonguruma, nikaufunga.