Oak Ridge: kuifuata protoni

Tulitoka Atlanta alfajiri, tukapita Chattanooga kabla jua halijawa kali, tukaiacha barabara kuu karibu na Lenoir City. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Oak Ridge, mji wa Tennessee, haikuonyeshwa kwenye ramani. Leo inaonyeshwa, ila kwenye geti la maabara yake ya taifa bado vitambulisho vinakaguliwa kwa makini.

Ndani alitupokea dada mmoja wa Moshi anayefanya uzamivu wake pale. Protoni zinagonga zebaki mara 60 kwa sekunde, nyutroni zinatoka, zinapozwa kwa haidrojeni ya kimiminika, kisha baadhi zinaelekezwa kwenye Nab, jaribio linalochunguza jinsi nyutroni inavyovunjika: sumaku iliyosimama wima, kimo chake karibu mita 7. Nyutroni ikivunjika humo huzaa protoni, elektroni na antinyutrino, chembe ndogo mno isiyo na chaji. Ile ya mwisho hakuna anayeidaka, kwa hiyo mwelekeo wake hukisiwa kutokana na nishati ya elektroni na muda ambao protoni imetumia kupanda hadi kigunduzi cha juu.

"Kaka, hapa kazi yetu ni kupima kuchelewa," alisema.

Elektroni hufika ndani ya makumi ya nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Protoni, hata iliyo na mbio kuliko zote, hutumia zaidi ya mikrosekunde 12, yaani nanosekunde 12,000. Ungedhani nafasi ni kubwa mno kukosea, lakini wanataka usahihi wa sehemu moja kwa elfu, na kosa dogo kuliko nanosekunde moja tayari linawanyima usingizi. Kebo peke yake hula kama nanosekunde 5 kwa kila mita!

Kebo angalau hupimika. Utata uko ndani ya silikoni ya vigunduzi. Protoni, hata ikivutwa kwa volti 30,000, huishia barazani. Elektroni huingia mpaka uani. Chaji zao husafiri umbali tofauti, mawimbi ya umeme yakawa na sura tofauti, na kila moja ikadai saa yake ya kufika.

"Sasa mnamwamini nani?" nikamuuliza.

"Elektroni inayodunda. Inagusa kigunduzi kimoja, inarudi kwa njia ya sumaku na kugusa cha pili. Chembe ni ileile, saa ni mbili. Tunalinganisha."

Kila kigunduzi kimegawanywa vipande 127, yaani pikseli, na kila pikseli ina tabia yake. Tulipoaga alikuwa anarudia moja ambayo mchoro wake ulikataa kunyooka, tukala chakula cha jioni Knoxville bila yeye.