Juu ya Sabinyo, pale Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana

Kuna sehemu kwenye ukanda wetu huu mtu unaweza kusimama ukawa upo Uganda, Rwanda na Kongo kwa wakati mmoja, na hapo hakuna geti, hakuna uhamiaji, hakuna wa kukugongea muhuri. Ni kilele cha mlima Sabinyo, mita 3,669 hivi, kwenye safu ya Virunga. Nimetoka kuupanda juzijuzi na bado kichwa kimejaa, acha niyaandike.

Mimi nilitokea Bukoba, unavuka Mutukula, Masaka, Mbarara, Kabale, halafu barabara inaanza kujikunja milimani mpaka Kisoro. Kutoka Kisoro mjini mpaka geti la Ntebeko ni kama kilomita 14, bodaboda zinafika ila njia ni mawe ya volkano, usitegemee lami. Hapo unaingia Mgahinga, hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za Uganda, kilomita za mraba 33.7 tu, lakini imebeba upande wa Uganda wa milima mitatu, Muhabura, Gahinga na huu Sabinyo. Mashamba ya viazi yanakuja mpaka mlangoni kabisa, na katikati ya shamba na msitu kuna ukuta wa mawe meusi uliojengwa kuzuia nyati wasishuke kula mazao ya watu.

Tuliondoka asubuhi sana maana ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, kuna guide mbele na afande mwenye bunduki nyuma kwa ajili ya nyati na tembo. Mwanzoni ni mianzi, imebanana hadi jua halipiti, chini matope. Ukitoka kwenye mianzi unaingia kwenye miti imefunikwa majani yananing'inia kama ndevu za mzee, baridi inaanza kukolea, halafu ndo unakutana na ngazi.

Hizi ngazi lazima niziseme vizuri. Ni miti imekatwa hapohapo ikapigiliwa misumari, imeegemezwa kwenye mwamba, mvua inainyeshea kila siku kwa hiyo ina utelezi na kijanikijani, sehemu nyingine kipande kimoja kimelegea unakiruka unashika cha juu yake. Zinapanda zinaendelea kupanda, unamaliza moja unaona nyingine inaanza, na upande wa kulia kuna korongo hulioni mwisho wake kwa sababu ya ukungu. Guide akawa anasema kila mara, shika kwa mikono miwili dada, usiangalie chini, angalia ngazi tu. Nilimsikiliza.

Kilele kiko mara tatu, yaani kuna cha kwanza, cha pili na cha tatu, na ule mgongo unaokufikisha huko ndio mpaka wenyewe, mkono wa kushoto Rwanda, mkono wa kulia Uganda. Simu yangu ikaanza kuingiza meseji za kunikaribisha Rwanda wakati sijavuka popote, mtandao wa kule ulikuwa na nguvu kuliko wa huku. Kongo unaipata kwenye kile kilele cha tatu tu. Ukungu ukafunguka kidogo nikaona Gahinga na Muhabura nyuma yetu, na upande wa pili milima ya Kongo na Rwanda, afande akanionyesha kwa kidole, ile kule Karisimbi, ile Mikeno. Yeye Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa, anasema huko chini akikutana na askari wa hifadhi wa Kongo au Rwanda wanaongea hichohicho.

Sasa jambo ambalo limenikaa moyoni ni hili. Mpaka huu haukuchorwa na mtu yeyote anayelima pale. Mwaka 1910 Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji walikaa Brussels wakakubaliana nani achukue nini, na kwa kuwa vilele vya milima ni rahisi kuviona kwenye ramani, mstari ukapitishwa juu yake. Watu wa Bufumbira, yaani eneo hili la Kisoro, wakaamka wako chini ya Mwingereza, ndugu zao wa ng'ambo ya mlima wako chini ya Mjerumani, wengine Mbelgiji. Mpaka leo ukikaa Kisoro sokoni lugha unayosikia ni Kifumbira, na mtu wa Musanze, upande wa Rwanda, akija wanaelewana bila shida yoyote, ni lugha moja.

Mzee mmoja tuliyekaa naye jioni ananiambia dada yake ameolewa upande wa Rwanda. Tangu mpaka wa Uganda na Rwanda ulipofungwa 2019, hadi ukafunguliwa 2022, hakumwona. Ilipita misiba hapo katikati hakwenda, na kutoka kwake ule mlima wa Rwanda anauona mlangoni kila asubuhi. Na mwaka huohuo wa 2022 waasi wa Kongo wa M23 wakaiteka Bunagana, mji wa mpakani upande wa Kongo, pale jirani kabisa na Kisoro, watu wa Kongo wakavuka kwa maelfu na magodoro kichwani na watoto. Yaani mstari uleule, mwingine haruhusiwi kuuvuka akazike, mwingine anauvuka akikimbia risasi.

Sokwe wa milimani, yaani gorila, ndio hawana habari na hayo. Kundi la Nyakagezi la Mgahinga linajulikana kwa kuhamahama, leo Uganda, kesho Rwanda, keshokutwa Kongo. Nafurahi wanalindwa na idadi imepanda, kwenye sensa iliyotangazwa 2018 walivuka 1,000 duniani. Lakini Batwa walioishi humo msituni kabla yetu sote walitolewa 1991 hifadhi ilipoanzishwa, bila ardhi ya maana ya kwendea, na hilo mimi siwezi kulimeza eti kwa sababu sokwe wameongezeka. Watu wale wanastahili ardhi, si kucheza ngoma kwa watalii tu.

Kama unataka kwenda, nenda Juni mpaka Agosti au Desemba mpaka Februari mvua ikipungua, lipia kwenye ofisi ya hifadhi pale Kisoro siku moja kabla. Beba glavu ngumu za mikono kwa ajili ya zile ngazi, koti la mvua, maji ya kutosha na chakula, juu hakuna kitu. Viatu viwe vimeshavaliwa, visiwe vipya. Na kabla hujapanda uliza hali ya upande wa Kongo ikoje wiki hiyo, walinzi wa hifadhi watakuambia ukweli, wakisema leo hakupandiki sikiliza, panda Gahinga badala yake, mita 3,474, nao uko mpakani mwa Uganda na Rwanda.